Nenosiri la Mwalimu Tone

Ukumbi wa kupokelea mizigo ulikuwa umefurika tangu saa mbili asubuhi. Kila dirisha lilikuwa na foleni, na kila foleni ilikuwa na mtu mmoja aliyeapa kwamba alikuwa mbele, ila alikwenda kunywa maji tu. Makuli walisukuma mikokoteni huku wakipiga miluzi ya kuomba njia. Katika msukosuko huo alikuwamo mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri, viatu vya bapa, na karatasi sita mkononi, zote zimegongwa muhuri isipokuwa moja.

Alikuwa mhadhiri wa kemia katika chuo kikuu cha mji ule. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Tone, kwa sababu alikuwa hawezi kupita nyuma ya mtu maabara bila kusema, "Tone moja, si mawili." Jina likamganda. Walimu wenzake walilizoea, na yeye mwenyewe alikwisha kuacha kulikataa.

Mzigo alioufuata alikuwa ameungoja miaka minne. Ilikuwa mashine ya kuchambua mvuke, ya kwanza ya aina yake katika idara yao. Aliandika maombi yakakataliwa, akaandika tena yakapotea, akaandika mara ya tatu na kuyapeleka kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo alipopata muhuri wa mwisho na kuruhusiwa kuingia ghalani, akakuta mwanamume amekaa juu ya sanduku lake, miguu inaning'inia, anatafuna karanga, damu ilimpanda kichwani.

"Kaka, shuka hapo."

Yule mwanamume alimtazama bila haraka. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa, na mfukoni kifuani alichomeka bisibisi ndogo mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Ni lako?"

"Ni la chuo. Na limeandikwa pande zote nne kwamba kitu chochote kisiwekwe juu yake."

"Nimesoma. Ndiyo maana nimekaa." Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma yake kulikuwa na jenereta juu ya mkokoteni, na makuli wawili wamejilaza kando wakisinzia. "Walitaka kulipandisha hilo hapa juu. Nikawaambia nimechoka, wanisubiri nipumzike kidogo. Sasa nimepumzika saa nzima, na hata karanga zimekaribia kuniishia."

Mwalimu Tone aliitazama jenereta, kisha karanga. Akacheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa moyo wote. Mwanamume akashuka, akampa mkono, akamwambia kwamba yeye ni fundi wa mashine katika hospitali kuu, na amefuata pampu isiyozidi ukubwa wa ngumi. Walisaidiana kulitoa sanduku nje likiwa wima, naye hakuondoka mpaka alipoliona limefungwa kamba kwenye lori.

Haukuwa mwisho. Kampuni iliyouza mashine ilisema mtaalamu wao asingefika kabla ya miezi mitano. Chuo kikauliza huku na huko, kikaambiwa kwamba hospitali kuu ina fundi aliyesomea mashine za maabara kabla ya kuhamia za wagonjwa. Hospitali ikakubali kumwazima chuo alasiri mbili kwa wiki. Siku aliyogonga mlango wa maabara, Mwalimu Tone alifungua akamkuta ni yule yule, safari hii na shati jeupe chini ya ovaroli na ndevu zimenyolewa upya.

"Leo sijaja kukaa juu yake," alisema. "Leo nitalala chini yake."

Alifanya kazi akiwa chali sakafuni, kichwa kimejificha chini ya meza, huku akizungumza bila kukoma. Mwanzoni alikuwa akisema, "Nipe ufunguo namba nane, mpenzi wa mashine." Baada ya wiki tatu maneno "wa mashine" yakapotea yenyewe, na hakuna kati yao aliyeulizia yalikokwenda. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza simu ya Mwalimu Tone ililia.

"Umeamkaje, Tone?"

"Salama. Wewe?"

"Mimi mzima, ila moyo nimeuacha huko maabara kwenu."

"Umeuacha upande gani? Nisije nikaufagia."

"Karibu na mtungi wa gesi. Tembea polepole ukipita."

Ilikuwa furaha, lakini haikuwa furaha tupu. Mkuu wa idara, mzee nadhifu wa suti ya kijivu, hakuwahi kuupenda mpango wa Mwalimu Tone wa kuwaachia wanafunzi waiendeshe mashine wenyewe. Yeye aliamini mashine za namna ile ni za kutazamwa. Mwalimu aendeshe, wanafunzi wasimame nyuma ya mstari, waandike walichokiona, basi. Mashine nyingine ya zamani ya idara aliifungia chumbani miaka kumi na mmoja, mpaka ikafa bila kuguswa na mwanafunzi hata mmoja, na aliizungumzia kwa fahari, kwamba ilikufa haina mkwaruzo.

Mwalimu Tone alikuwa na sababu yake ya kushikilia kinyume. Siku yake ya kwanza kazini, akiwa na shahada ya daraja la juu kabisa, alikabidhiwa sindano ya mashine kama ile katika maabara ya kiwanda, na hakujua aishike wapi. Msimamizi alimtazama, akaichukua sindano mkononi mwake taratibu, akampa mwingine. Hakusema kitu. Kutosema kule kulimuuma kuliko tusi. Tangu hapo alijiapia kwamba mwanafunzi wake hatatoka chuoni akiijua mashine kwa picha.

Basi walianza. Mwanafunzi alivuta tone dogo kwa sindano nyembamba, akalidunga kwenye tundu lenye joto. Tone likageuka mvuke, gesi ya mtungini ikaubeba kupita katika mrija mwembamba kama uzi, uliozungushwa mara nyingi ndani ya tanuri dogo. Kila kitu kilichokuwamo ndani ya tone kilitoka upande wa pili kwa wakati wake, na kwa kila kimoja skrini ikachora mlima. Mahali pa mlima pakakwambia ni kitu gani. Ukubwa wake ukakwambia ni kiasi gani.

Wa kwanza kudunga alikuwa msichana wa mwaka wa tatu ambaye siku zote alikaa mwisho wa benchi, na wenzake walimwita Kimya. Mlima ulipochomoza kwenye skrini, mwembamba na mrefu, aliutazama muda, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama ni wa kweli au ni wa mfano. Mwalimu Tone akamwambia ni wa kweli, na ni yeye aliyeutoa. Kimya akageuka dirishani, akajifanya anafuta miwani.

Ukutani kulibandikwa karatasi ya kanuni, na ya kwanza aliitunga fundi mwenyewe. Mrija ukipashwa moto bila gesi kupita ndani yake huungua, na ukiungua haufai tena. Kwa hiyo mashine ilikuwa na kinga: gesi ikipungua, tanuri hujizima. "Mkiona gesi inashuka, msiguse kitu," aliwaambia wanafunzi. "Mashine itajizima yenyewe. Nyie kamwiteni mtu."

Tatizo ni kwamba kinga ile ilikuwa na hofu nyingi. Gesi ikitikisika kidogo tu, tanuri lilijizima, na kulirudisha kulikula robo saa. Fundi alimwambia Mwalimu Tone wazi kwamba mashine ikijizima bila sababu ampigie simu, asiilazimishe. Naye alipiga, mara mbili katika wiki moja, na mara zote mbili fundi alikuja mbio akitokea chumba cha upasuaji, jasho likimtiririka. Jumanne iliyofuata tanuri likajizima tena katikati ya somo. Wanafunzi arobaini walikuwa kwenye foleni. Mkuu wa idara alisimama mlangoni, akaitazama saa yake.

Mwalimu Tone aliona haya kupiga simu ya tatu. Akaandika nenosiri lake, akafungua mipangilio, akaizima kinga. Alijiambia kwamba atairudisha kipindi kikiisha. Somo likaenda kama maji. Kipindi kilipoisha mkuu alimshika ukumbini kwa maswali ya ratiba, halafu yakaja majaribio ya katikati ya muhula, halafu rundo la kusahihisha. Jambo lile likamtoka akilini kabisa, kana kwamba halikuwahi kutendeka.

Siku ya tisa, Alhamisi alasiri, walimu wote walikuwa kikaoni. Kimya na wenzake wawili walikuwa maabara wakipima dawa za kutakasa mikono zinazouzwa madukani, kwa ajili ya mradi wao wa kumaliza shahada. Mwalimu Tone aliporudi saa kumi na nusu, alikutana na harufu ya kuungua mlangoni. Skrini haikuwa na milima tena. Mstari ulikuwa umepanda ukaenda moja kwa moja juu kama ukuta. Mtungi ulikuwa mtupu. Kimya alisimama katikati ya chumba, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Nilifuata karatasi, Mwalimu," alisema.

Kabla ya jua kutua, mkuu wa idara alikuwa ameweka kufuli mlangoni. Jina la Kimya, aliyekuwa ameshika zamu ya mashine, lilipelekwa kwenye bodi ya nidhamu, ambayo ingekaa Jumatatu. Mkuu alimuuliza Mwalimu Tone mbele ya walimu wenzake kama wanafunzi wale huenda walichezea mipangilio ya mashine, maana haiwezekani kinga isifanye kazi yake. Na Mwalimu Tone, ambaye kichwa chake kilikuwa kinavuma, akajibu, "Labda." Neno moja tu. Kimya alikuwa hatua tano kutoka hapo, akalisikia.

Usiku ule hakupokea simu ya fundi. Alimwandikia tu kwamba amechoka na kesho ana usimamizi wa mtihani kutwa nzima.

Ijumaa asubuhi fundi aliitwa na chuo kuikagua mashine, na akatakiwa kukabidhi ripoti kabla ya saa sita mchana. Mwalimu Tone alikuwa kwenye ukumbi wa mtihani, simu imezimwa na kuachwa kwenye kikapu mlangoni kama kanuni ilivyotaka. Alipotoka saa nane alikuta ameitwa ofisini kwa mkuu.

Mzee alifunga mlango mwenyewe. Akamwomba akae, akamsogezea glasi ya maji, na ukarimu ule ndio uliomtia baridi.

"Ripoti ya fundi wako imefika," alisema, na neno "wako" akaliwekea uzito. "Mashine huandika kila kitu inachotendewa. Kinga ilizimwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi. Kwa nenosiri lako."

Hapo yote yakamrudia kwa mpigo: foleni ya wanafunzi, saa ya mkuu, kidole chake mwenyewe juu ya kitufe. Aliisogeza glasi kando.

Mkuu aliendelea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemfariji mfiwa. Alieleza kwamba ripoti imekuja kwake na inaweza kubaki kwake. Bodi ingesikia kwamba mashine imeungua mikononi mwa mwanafunzi, na hilo si uongo. Msichana angesimamishwa mwaka mmoja, angerudi, angesahau. Mwalimu Tone angebaki na kazi yake na jina lake. Ila kuanzia muhula ujao wanafunzi wangetazama kutoka nyuma ya mstari.

"Na usinione mimi ndiye mbaya," alimalizia. "Fundi mwenyewe amependekeza hivyo. Ameandika kwamba mashine hizi si za mikono ya wanafunzi."

Mwalimu Tone alitoka pale. Alipoiwasha simu alikuta ameitwa mara saba, zote na mtu mmoja, zote kabla ya saa sita. Hakuzihesabu kama kitu. Alisimama chini ya ngazi, akampigia.

"Tone," fundi alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Nimekutafuta tangu—"

"Umeandika jina langu."

"Nimeandika nenosiri. Ndilo lililokuwamo."

"Ungeningoja."

"Mwisho ulikuwa saa sita. Nimekupigia mara saba."

"Basi ungeandika haijulikani. Nani angekuuliza? Mashine imeungua, haijulikani kwa nini. Neno moja tu."

Fundi alivuta pumzi. Nyuma yake zilisikika sauti za hospitali, magurudumu ya vitanda, mtu akiitwa kwa namba. "Sikiliza. Mimi hapa natengeneza mashine za watu wasioweza kuvuta pumzi wenyewe. Siku nikiandika haijulikani kwa sababu nampenda mtu, kesho yake nitaandika tena kwa sababu namwogopa mtu. Sitaweza kurudi nyuma."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno lile, nampenda, na Mwalimu Tone alilisikia likipita kama basi lisilosimama kituoni. Hasira haikumwacha alidake.

"Na lile la pili? Hilo nalo uliandika kwa sababu unanipenda?"

"Lipi?"

"Kwamba wanafunzi wasiguse. Miaka minne yangu yote umeifuta kwa kalamu. Ungekuwa umeniambia tangu siku ile ya ghalani kwamba wewe na mkuu ni kitu kimoja."

Sauti za hospitali zikafifia, kana kwamba amefunga mlango.

"Kwa hiyo hivyo ndivyo unavyonijua," fundi alisema mwishowe. Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Sawa, Mwalimu."

Akakata. Hakuwahi kumwita Mwalimu.

Nyumbani, mama yake Mwalimu Tone alikuwa mshonaji. Sebule yao ilikuwa nusu sebule nusu karakana, vitambaa vimepangwa kwa rangi, na cherehani imewekwa dirishani. Jumamosi asubuhi alikuwa akipinda sare za shule, na bintiye amekaa mkekani akitoa nyuzi za kushikizia bila kuona anachokitoa. Mama alimtazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Umeharibu nini?"

Alimsimulia yote. Mama hakumkatiza. Alikuwa mtu asiyependa maneno marefu, na akimpenda mtu humshonea, basi. Fundi alikuwa na mashati mawili kutoka kwenye cherehani ile. Hadithi ilipoisha hakuuliza habari za mashine wala za fundi.

"Huyo binti ana mama?"

"Anaye."

"Jumatatu huyo mama ataambiwa mwanawe amefanya nini?"

Mwalimu Tone aliweka chini sare aliyoishika. Mama akarudisha mguu kwenye kanyagio na kuendelea na kazi.

Mchana, peke yake chumbani, alitoa kwenye mkoba daftari la maabara la Kimya, ambalo lilichukuliwa Alhamisi kama ushahidi na yeye akakabidhiwa alitunze. Alikuwa hajalifungua, na sasa aliijua sababu. Mwandiko ulikuwa mdogo na wa wima. Kimya aliandika kipimo cha gesi kila baada ya dakika kumi, kama alivyofundishwa. Saa nane na nusu, sawa. Saa nane na dakika arobaini, sawa. Saa nane na dakika hamsini aliandika: *Gesi inashuka. Sijagusa kitu. Nangoja kinga izime tanuri.* Saa tisa: *Bado haijazima. Nimekwenda kumwita mtu. Walimu wote wako kikaoni, nimezuiwa mlangoni.* Saa tisa na dakika kumi: *Bado. Kanuni inasema itajizima.* Mstari ule wa mwisho aliupigia kistari chini, mara mbili.

Mwalimu Tone alisoma mpaka herufi zikaanza kuogelea. Msichana alisimama mbele ya mashine inayoungua, akaona kwa macho yake kwamba inaungua, na hakunyoosha mkono kwa sababu aliambiwa na mtu aliyemwamini kwamba hakuna haja. Kisha akamsikia mtu huyo huyo akisema labda.

Jumatatu alivaa gauni lake jeusi la mikutano, akafunga nywele nyuma bila kujitazama sana kwenye kioo. Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu na feni iliyolalamika kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa kitivo, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Kimya alikaa mwisho wa meza, shati jeupe, kola imefungwa hadi juu. Mkuu wa idara alisoma maelezo yake kwa utaratibu mzuri: mashine ya thamani, alasiri bila usimamizi, uzembe wa mwanafunzi. Alipofika kwenye adhabu aliyoipendekeza, akamtazama Mwalimu Tone kwa upole, kama mtu anayemshikia mlango apite.

Mwalimu Tone alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu.

"Kinga niliizima mimi," alisema. "Jumanne ya wiki ile, saa nne na dakika kumi, kwa nenosiri langu. Fundi alinikataza, nikaizima, nikasahau kuirudisha. Alhamisi niliulizwa kama ni wanafunzi, nikasema labda. Nilikuwa sijakumbuka. Lakini tangu Ijumaa mchana najua, na nimekaa na jambo hili siku tatu nikitafuta njia ya kutolisema." Akaliweka daftari mezani, limefunguliwa. "Huyu hakukosea hata hatua moja. Alitii kanuni ambayo mimi nilikuwa nimeiua. Naomba msome ukurasa huu kabla ya kuamua lolote juu yake."

Feni ilizunguka, ikalalamika. Mkuu wa idara alianza kusema kwamba mwenzake amechoka na huenda anajibebesha lawama kwa huruma, lakini mwenyekiti aliinua kiganja.

"Ripoti ya fundi ninayo tangu Ijumaa," alisema mama wa miwani. "Alileta nakala mbili, moja kwa idara, moja kwangu. Nilikuwa nangoja nione leo nani atasema nini." Akatoa karatasi, akairuka sehemu ya juu, akasoma mwisho wake kwa sauti ya kawaida. Fundi aliandika kwamba mwanafunzi alifuata maelekezo yote aliyopewa. Aliandika kwamba mrija mpya ukifungwa, kinga irekebishwe na isiweze kuzimwa na mtu mmoja peke yake, awe nani. Na aliandika kwamba mashine irudishwe mikononi mwa wanafunzi mapema iwezekanavyo, kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake hajaona maabara ya kufundishia iliyoendeshwa kwa uangalifu kama ile.

Mwalimu Tone aliketi.

Uamuzi ulitoka kabla ya saa tano. Kimya hakuwa na kosa. Mwalimu Tone alipewa barua ya onyo ya kuwekwa kwenye jalada lake, na funguo za maabara zikachukuliwa mpaka mwisho wa mwaka wa masomo; angefundisha, lakini chini ya jicho la mwingine. Mkuu wa idara alitakiwa abaki nyuma na mwenyekiti, na mlango ukafungwa. Ukumbini Kimya alisimama mbele ya mwalimu wake. Mwalimu Tone akamwomba radhi, kwa kituo, bila kujitetea, akimtajia neno lenyewe alilolisema na mahali alipolisemea. Kimya alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba alasiri ataanza kuandika upya sura ya tatu ya mradi wake, na akauliza kama Mwalimu bado ataisoma. Akajibiwa ataisoma.

Fundi hakupokea simu. Mwalimu Tone alipiga mara nne, halafu akaacha kupiga, akaenda.

Korido ya hospitali ilijaa ndugu wa wagonjwa, mifuko, watoto waliochoka kukaa. Mhudumu wa mapokezi alimwambia fundi yuko wodi ya watoto njiti, na huko hakuna anayeingia. Akakaa kwenye benchi kati ya mzee aliyesinzia na mama aliyekuwa akifuma sweta isiyotosha hata mwanasesere. Akakaa saa moja. Akakaa ya pili. Saa tisa mlango ukafunguka, fundi akatoka na barakoa chini ya kidevu, akamwona, akasimama.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa saba."

Fundi hakukaa. Aliegemea ukuta upande wa pili, watu wakawa wanapita katikati yao. Mwalimu Tone hakungoja wapungue.

"Niliambiwa kitu kibaya juu yako nikakiamini hapo hapo," alisema. "Sikuuliza. Nilikuwa nimekosea mimi, nikataka na wewe uwe umekosea, ili tuwe wawili. Leo nimesikia ripoti yako ikisomwa. Lakini nilisimama kabla haijasomwa. Nataka ulijue hilo, basi. Sijaja kukuomba lingine."

"Nimeshasikia. Mwenyekiti alinipigia." Alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Bado nina hasira, Tone. Si za nenosiri. Mtu yeyote angeweza kuizima ile kinga, inachosha. Hasira zangu ni za ile simu."

"Najua."

"Siku tatu sijalala vizuri."

"Hata mimi."

Kitanda kilipita kati yao, kikisukumwa na wauguzi wawili, na kwa muda hawakuonana. Kilipopita, fundi alikuwa amesogea hatua moja.

"Nikuulize," alisema. "Na kama ningekuwa nimeandika kweli? Kwamba wanafunzi wasiguse. Kama ndiyo ingekuwa rai yangu ya kweli. Ungenisamehe?"

Mwalimu Tone alifikiri. Aliona jibu jepesi liko karibu, akaliacha.

"Ningekusamehe," alisema. "Lakini ningebishana na wewe asubuhi na jioni. Ningebishana mpaka uzeeni."

"Mpaka uzeeni?"

"Mpaka meno yaishe."

Fundi alitazama sakafu, na pembe ya mdomo wake ikaanza kumsaliti. "Hayo ni maneno ya mtu anayeposa."

"Basi yachukue hivyo."

Yule mama wa sweta aliacha kufuma. Hata mzee aliyesinzia alifungua jicho moja. Fundi alivuka korido, akakaa kwenye nafasi ndogo iliyobaki kwenye benchi, bega lake likagusa bega la Mwalimu Tone, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi mwanamke yule alihisi hewa ikifika chini ya mapafu.

"Nayachukua," alisema fundi. "Lakini tutabishana kwa zamu. Na ukizima kitu, uniambie siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo."

Mlango wa wodi ukafunguliwa, muuguzi akachungulia. "Fundi, ile ya kitanda cha tatu imeanza tena."

Alisimama, akapandisha barakoa. Akamtazama Mwalimu Tone, akataka kumwambia aende nyumbani apumzike, kwamba kazi ile huenda ikachukua jioni nzima. Alipoona jinsi alivyokwisha kuvua viatu na kuvisukuma chini ya benchi, hakusema. Akaingia ndani kwa watoto, na Mwalimu Tone akasogea kidogo kumpisha mzee anyooshe miguu, akamngoja.